Feni Haipozi Hewa

Maneno ya fundi mstaafu wa maabara mbele ya wanafunzi wa klabu ya sayansi, Kigoma, mwishoni mwa Septemba

Ndugu Mkuu wa Shule, walimu, wazazi mliofika, na nyinyi wanangu wa klabu ya sayansi. Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Marahaba, marahaba, kaeni.

Kabla sijasema neno naomba vijana watatu wanisaidie. Wewe binti, chukua kipimajoto hiki ukining'inize kwenye ule uzi niliofunga chini ya pangaboi, pale upepo unapopiga sawasawa. Wewe kijana, hiki cha pili kiweke kule nyuma ya kabati, upepo usikofika. Cha tatu nakifunga kitambaa cha pamba kwenye ncha yake, halafu nakilowesha kwa maji haya. Maji yenyewe si ya friji, yamekaa humu ukumbini tangu asubuhi, Mwalimu ni shahidi. Nacho kining'inie jirani na cha kwanza, chini ya pangaboi. Vyote vitatu vilikuwa vinasoma namba moja nilipovitoa mfukoni. Sasa kila mmoja aandike kwenye daftari anadhani vitasoma nini nikimaliza kuongea. Usichungulie la mwenzako.

Barua mliyoniletea imesema nije niwafundishe kufunga feni ya kupozea vivariamu. Kwa asiyejua, akwariamu ni ya samaki, na hii vivariamu ni ndugu yake wa nchi kavu: sanduku la kioo lenye udongo, mimea na mnyama aliye hai ndani yake, awe chura, mjusi au nyoka. Mimi nitaliita kizimba cha kioo, maana ndivyo nilivyokuwa nikiliita siku zote nilizofanya kazi maabara. Barua ilisema pia nitumie dakika ishirini. Hilo tutaona.

Niliposoma ile barua nilicheka peke yangu, kwa sababu kazi hii niliwahi kuifanya vibaya kuliko mtu yeyote katika mkoa huu. Ilikuwa shule moja, jina lake nalihifadhi. Mwalimu wa baiolojia alikuwa na kibali chake halali, maana kuweka mnyamapori bila kibali ni kosa na sheria ipo tangu 2009, msije mkatoka hapa mkaingia vichakani na ndoo. Alikuwa na vyura wadogo wa matete, wale wa kukaa kwenye ukucha wa kidole gumba. Kizimba kizuri, kioo pande zote, urefu sentimeta 90, upana 45, kimo 60. Akakiweka dirishani, upande wa magharibi, ili wanafunzi waone vizuri. Sasa nyinyi ni watu wa Kigoma, mnajua dirisha la magharibi linatazama nini saa tisa alasiri mwezi wa Oktoba. Jua lote la Kongo linaingia humo.

Kipimajoto cha ndani kilikuwa kinafika 36. Vyura wamejibana pembeni, rangi zimewatoka, weupe kama chaki. Mwalimu akanipigia simu: mzee, njoo utufungie feni.

Nikaenda kwa kijana mmoja wa mtaa wa Mwanga, hapa mjini, anayetengeneza kompyuta, nikapata feni iliyotolewa kwenye kompyuta iliyokufa. Feni ya milimita 120, kubwa, nzima kabisa. Nikatoboa mfuniko, nikaifunga ikitazama chini, ipulize ndani. Nikawasha. Nikaingiza mkono. Aa! Ubaridi mtamu. Nikamwambia mwalimu, kazi imekwisha, nikanywa chai yao nikaondoka. Baada ya siku mbili akanipigia tena. Ule ukijani wa mawe ya kisima alioupanda ndani umekauka unavunjika kama karatasi, majani yamejikunja, na vyura wawili amewakuta wamegandia kwenye kioo, wakavu. Waliobaki wamejazana kwenye kisahani cha maji. Na kipimajoto, aliponisomea, nilikaa chini: 34.

Mkono wangu ndio ulionidanganya. Mkono wa binadamu una jasho, hata pale usipoliona. Upepo ukipita juu ya ngozi unalibeba lile jasho, na jasho likigeuka mvuke linaondoka na joto la ngozi. Kwa hiyo mimi nilipoozwa na jasho langu mwenyewe, feni ilikuwa inanisaidia tu kulikausha. Hewa ile ilikuwa na joto lilelile. Feni haipozi hewa. Inaisogeza. Ukitaka kuwa mkali zaidi, inaipasha kidogo, maana mota nayo inatoa joto lake.

Sasa mpe mjusi upepo huo. Mjusi hatoki jasho. Nyoka hatoki jasho. Ukimpulizia hewa ya nyuzi 34 anapata nyuzi 34, tena bila mahali pa kujificha. Chura ni kesi nyingine. Ngozi yake ni mbichi muda wote, anakunywa kwa ngozi, na sehemu ya pumzi yake inapita kwenye ngozi hiyohiyo. Upepo utampoza kweli, lakini kwa kumnyang'anya maji yake ya mwilini. Nilichofunga pale hakikuwa feni ya kupozea. Kilikuwa kichanja cha kuanikia dagaa.

Naona mnacheka. Chura wawili tu, babu, wamejaa mabondeni. Basi niwape habari ya chura ambaye hakujaa popote.

Kule milima ya Udzungwa kuna bonde la mto Kihansi. Mto ulikuwa unaporomoka kwa kishindo, na chini ya maporomoko palikuwa na manyunyu yasiyokatika usiku na mchana. Katika eneo lisilozidi hekta mbili hivi, lenye manyunyu hayo, aliishi chura wa rangi ya dhahabu, mdogo, jike hafiki sentimeta tatu, tena hatagi mayai kama wenzake, anazaa watoto kamili. Wanasayansi walimkuta 1996. Hakupatikana mahali pengine duniani. Muda si mrefu bwawa la umeme likaanza kazi, la megawati 180, maji mengi yakaelekezwa kwenye mitambo na manyunyu yakafifia. Serikali ikaweka mabomba ya kunyunyizia, ikasaidia kwa muda, kisha ugonjwa wa kuvu wa ngozi nao ukaingia. Ilipofika 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini.

Lakini mwaka 2000 vyura 499 walikuwa wamekwisha kusafirishwa kwenda Marekani, na waliosalimika walitunzwa Bronx Zoo kule New York na Toledo Zoo kule Ohio. Waliishi wapi? Ndani ya vizimba vya kioo. Watu walikaa wakipima joto, unyevu, mwanga na manyunyu, siku baada ya siku, miaka kumi. Mwaka 2010 vyura 100 wakarudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2012 wakaanza kurudishwa bondeni kwao. Taifa zima la viumbe liliponea kwenye masanduku kama lile nililoliharibu mimi. Fundi wa kule angefanya kazi kwa kuusikiliza mkono wake, leo tungekuwa na picha tu.

Turudi kwenye kizimba chetu. Nilirudi pale shuleni kwa aibu, na safari hii nilikwenda na vipimajoto vinne badala ya bisibisi. Siku ya kwanza sikugusa feni. Nilipima chumba kizima: dirishani, mezani, sakafuni, ukutani upande wa mashariki, na kile chumba cha stoo kinachopakana na maabara. Stoo, sehemu ya chini, saa tisa alasiri ilikuwa na 27 wakati dirishani ni 33. Kumbe nyuzi sita zilikuwa zinatungoja nyuma ya mlango, bure, hazihitaji waya wala umeme. Kizimba kikahamia stoo. Wazee wetu wa Ujiji wanatuonyesha mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, na wanatuambia ni chini ya mwembe. Hao wazungu wawili walikuwa na mengi ya kuzungumza na hawakuyazungumzia juani. Anza na kivuli.

Jambo la pili ni taa. Juu ya kizimba palikuwa na balbu ya wati 60, ile ya zamani ya waya. Nikamuuliza mwalimu ya nini, akasema kitabu kimeagiza. Nikakiangalia kitabu. Kilikuwa kizuri sana, kimeandikwa Ulaya. Wanangu, vitabu vingi vya kazi hii vimeandikwa na watu ambao shida yao ni baridi. Chumba chao majira ya theluji kinamwua mjusi, kwa hiyo ukurasa baada ya ukurasa ni taa za kupasha, mikeka ya kupasha, mawe ya kupasha. Feni kwao ni ya kufuta ukungu kwenye kioo. Ukikifuata kitabu hicho hapa Kigoma neno kwa neno, utamchemsha mnyama kwa utaalamu. Balbu ya namna ile karibu umeme wake wote unageuka joto, na kizimba cha kioo kinalishika joto kama gari lililofungwa vioo juani. Tukaweka taa ya LED ya wati 7, tena nje ya mfuniko. Mimea haikulalamika.

Baada ya hayo mawili, kipimajoto cha ndani kilikuwa kinasoma 29 na chumba 27. Nyuzi mbili tu ndizo zilizobaki kuwa kazi ya feni. Na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize kwa makini, kwa sababu hata mafundi wa kulipwa wanapakosea.

Feni ya kizimba isipulize ndani. Ivute nje. Hewa ya moto inapanda, hilo mnalijua tangu darasa la nne, ndiyo maana nyumba za zamani zinaachwa mwanya kati ya ukuta na paa. Feni ikae juu, nyuma, itoe hewa ya moto. Chini, mbele, upande wa pili, acha tundu la kuingiza hewa ya ubaridi ya sakafuni. Tundu la kuingilia liwe kubwa kuliko la kutokea. Watu wanaisahau hiyo: wanafunga feni ya kutoa halafu hawaachi pa kuingilia, feni inabaki inalia tu kama mtu anayenyonya chupa iliyozibwa. Kwa njia hii hewa inapita polepole sakafuni mwa kizimba, inapanda, inatoka, na mnyama hapigwi na upepo mgongoni.

Ukubwa wake je? Tufanye hesabu. Kizimba chetu cha 90 kwa 45 kwa 60 kina lita 243, karibu robo ya mita ya ujazo. Ile feni yangu ya milimita 120, ikiwa wazi, inasukuma kama mita moja na nusu ya ujazo kwa dakika. Hata wavu ukiibania nusu ya nguvu, bado inabadilisha hewa yote ya kizimba mara tatu kila dakika. Unyevu gani utabaki? Nilikuwa nimefunga injini ya meli yetu ya ziwani, MV Liemba, kwenye mtumbwi. Kwa kizimba cha ukubwa huo feni ya milimita 80 inatosha na kubaki, tena ipunguzwe mwendo. Feni hizi ni za volti 12. Tafuta adapta yenye kitufe cha kuchagua volti, uiweke kwenye 9 au saba na nusu, itazunguka taratibu na kelele zitapungua. Ukishuka mpaka 5 nyingine zinashindwa kuanza, zinatetemeka tu.

Waya mwekundu ni chanya, mweusi ni hasi. Ukikuta wa njano, huo ni wa kuiambia kompyuta mwendo wa feni. Ufunge kwa tepu uuache. Na hapa kuna kosa ambalo kila kijana atalifanya mara moja: anataka feni igeuze upepo, anabadilisha waya. Feni hizi hazina tabia ya mota ya gari la mtoto. Ukibadilisha waya haizunguki kinyume, inagoma, na nyingine zinaungua. Ukitaka upepo ugeuke, igeuze feni yenyewe. Ubavuni nyingi zina mishale miwili midogo, mmoja wa mzunguko, mmoja wa upepo. Kama hakuna mshale, upepo kwa kawaida hutokea upande wenye zile mbavu za plastiki zinazoshika mota.

Kioo usikitoboe. Kuna kioo kinachovunjika chote mara moja kuwa punje kama chumvi ya mawe, na kwa macho huwezi kukitambua kirahisi. Toboa mfuniko. Kata plaiwudi, chora duara, tundu la keekee kwanza halafu msumeno mwembamba. Kwa feni ya 80, tundu za skrubu ziko umbali wa milimita 71 na nusu. Kwa ya 120 ni 105. Usipime kwa macho. Upande wa ndani weka wavu wa dirishani, ule wa waya wa kuzuia mbu, uukaze vizuri. Kinyonga ana ulimi mrefu kuliko mwili wake, na mjusi mdogo atapanda popote. Wavu wa chandarua ni laini, utazibwa na vumbi ndani ya mwezi, na feni itakuwa inazunguka bure. Vyovyote utakavyochagua, usafishe kwa mswaki wa zamani kila wiki mbili.

Nikitaja kinyonga niseme pia: wengi mnamwogopa, yeye anawaogopa zaidi. Akipata joto anafumbua mdomo na rangi yake inapauka. Ukimwona hivyo usitafute feni, mtoe kwenye kioo. Kinyonga ni wa kizimba cha wavu, hewa ipite kotekote. Nyoka akizidiwa na joto utamkuta amejizungusha ndani ya bakuli la maji hatoki. Mnyama anasoma joto vizuri kuliko kifaa chochote tulicho nacho maabara, tatizo ni sisi kusoma mnyama.

Halafu themostati. Ni kijisanduku cha kuwasha na kuzima feni chenyewe, ndugu yake yumo ndani ya friji ya nyumbani kwenu. Ina waya wenye kichwa cheusi kidogo cha kupimia. Kichwa hicho kikae kivulini, kwenye kimo anachoishi mnyama. Kisiguse kioo, kisiwe mbele ya taa wala mdomoni mwa feni. Angalia pia imewekwa upande wa kupoza. Nyingi zinafanya kazi mbili, na ikiwa upande wa kupasha feni yako itawaka usiku wa baridi na kuzima mchana. Nimewahi kuitwa kutengeneza “feni iliyorogwa”, ilikuwa ni hilo tu.

Sasa uiwekee namba gani? Kijana mmoja aliiwekea 25 ndani ya chumba chenye 30. Feni ikazunguka kutwa kucha. Fikirini: hewa inayoingia ni ya 30. Feni ya kuvuta hewa haiwezi kukishusha kizimba chini ya joto la chumba, hata ukiifunga ya ndege. Unaiagiza kitu isichoweza, nayo kwa utii wake inakausha kila kilichomo. Weka nyuzi moja au mbili juu ya joto la chumba lako. Ile ya shuleni tuliiweka iwake 29 na kuzima 28, ikawa inafanya kazi kama saa tatu tu za alasiri.

“Babu, na kama nataka kushuka chini ya joto la chumba?” Hilo ndilo swali, na jibu lake lipo jikoni kwa bibi. Mtungi. Kwa nini maji ya mtungi ni baridi na ya ndoo ya plastiki ni vuguvugu, na vyote vimekaa kivulini pamoja? Mtungi unavuja jasho. Maji yanapenya udongo, yanafika nje, yanageuka mvuke, na kila gramu moja ya maji ikigeuka mvuke inaondoka na joto la karibu kalori 580. Hiyo gramu moja ingeweza kupoza gramu 58 za maji kwa nyuzi kumi. Basi kifanyie kizimba mtungi: mbele ya lile tundu la kuingilia hewa weka karai dogo la maji, ning'iniza kitambaa cha pamba kizito, ncha ya chini izame kwenye maji. Kitambaa kitapandisha maji chenyewe kama utambi wa koroboi. Feni kule juu ikivuta, hewa itapita kwanza kwenye kitambaa kibichi, iingie ikiwa imepoa na ina unyevu. Hapo chura anapata vyote viwili, na anayelipa joto ni kitambaa badala ya ngozi yake. Kifue kitambaa mara kwa mara, kinaota utelezi.

Muulizeni bibi jambo jingine: mtungi unapoza zaidi lini? Atakwambia kiangazi. Julai, Agosti, mpaka sasa Septemba, hewa ni kavu, maji ya mtungi yanauma meno. Mvua zikishaanza, kuanzia Novemba mpaka Aprili, mtungi uleule, mahali palepale, maji yake yanakuwa ya kawaida tu. Hewa imeshiba maji, haina nafasi ya mengine. Kitambaa chako nacho kitakuwa hivyo. Msimu huo ondoa karai, na feni iwashe robo saa asubuhi na robo saa jioni kwa ajili ya kuvu na ukungu wa kwenye kioo, basi.

Mwenye samaki wa ziwani nyumbani anaweza kupuliza feni juu ya uso wa maji, ni mtungi uleule, ataona nyuzi mbili tatu zinashuka, na ataona pia maji yanapungua, ayajazie. Maji ya juu ya Tanganyika yenyewe hucheza kati ya 24 na 28 hivi, kwa hiyo hana haja ya kuwatafutia barafu.

Umeme nitaupitia haraka. Feni ya volti 12 inayokula nusu ampea ni ya kurudishwa dukani. Nzuri inakula kama 0.2, yaani wati mbili na nusu. Ikizunguka mchana na usiku mwezi mzima haifiki uniti mbili za Luku, kwa hiyo mzazi asije akakufokea kwa hilo. Umeme ukikatika, betri ya pikipiki ya ampea-saa 7 itaiendesha saa kumi na saba ukiitumia nusu tu, na usiishushe zaidi ya nusu, itakufa mapema. Wenye paneli ndogo ya sola wana bahati ya aina yake: jua likizidi, joto linazidi, na nguvu ya feni nayo inazidi saa hiyohiyo. Ila usiunge feni moja kwa moja kwenye paneli. Paneli inayoitwa ya volti 12, ikiwa haijabebeshwa kitu, inafika 21 na zaidi. Pitisha kwenye chaja kontrola, kile kijisanduku cha kudhibiti umeme wa paneli.

Kitu cha mwisho cha kazi yenyewe. Ukishafunga kila kitu, utajuaje hewa inapita ulikokusudia? Hewa haionekani. Wataalamu wana vifaa vyao, mimi nina chetezo. Kabla mnyama hajaingia, washa ubani kidogo, ushike mbele ya tundu la chini, uangalie moshi. Ukiingia, ukatambaa sakafuni, ukapanda taratibu nyuma na kutokea kwenye feni, umefanya kazi. Ukikimbia moja kwa moja kutoka tunduni hadi kwenye feni bila kupita kwa mnyama, tundu lako liko karibu mno, lisogeze. Ukirudi usoni kwako, feni umeigeuza. Mke wangu anasema mimi ndiye mtu pekee Ujiji anayefukizia mijusi. Halafu fungua kizimba mpaka harufu iishe, ndipo umrudishe mnyama.

Mwalimu ananionyesha saa. Sawa. Vipimajoto.

Binti, soma cha chini ya pangaboi. Sauti kubwa. 30. Kijana wa nyuma ya kabati? 30. Hebu kisome vizuri, usinipendezeshe mimi. 30? Haya. Na hiki chenye kitambaa, njoo wewe uliyekuwa unabisha pale, kisome mwenyewe. Ngapi? 23. Kimepigwa na upepo uleule wa cha kwanza.

Walioandika kwamba cha chini ya pangaboi kitashuka wanyooshe mikono. Wengi. Na wewe Mwalimu? Nimekuona. Haya, mstari wa nyuma njooni mbele, kizimba kiko wazi na hakina mnyama. Nani ana kiberiti cha ubani? Na mtuzimie hilo pangaboi, litatutawanyia moshi.